Pua Ndiyo Inayosoma

Daraja la waenda kwa miguu pale Manzese nimelipanda na kulishuka miaka mingi bila hata kulifikiria. Jumanne moja ya mwezi wa pili nilipanda vizuri tu, nikavuka, nikafika upande wa pili, nikaangalia chini ili nianze kushuka, na ngazi hazikuwepo. Yaani zilikuwepo, lakini zinaelea. Ya kwanza ilionekana iko karibu na goti langu, ya pili imepinda kama bati lililotikiswa na upepo, na zilizobaki zote ukungu. Nikashika chuma kwa mikono miwili. Watu wakaanza kunipita pembeni, wengine wakisonya. Kijana mmoja anayetembeza soksi akasimama.

"Bibi, unaumwa?"

Nina miaka 58, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye ndevu kuniita bibi barabarani. Nikamwambia, siumwi mwanangu, ni miwani. Akanishika kiwiko tukashuka pamoja, ngazi moja moja, taratibu, kama bibi harusi na mshenga wake. Chini nikanunua soksi jozi mbili ambazo sikuzihitaji.

Miwani yenyewe nilikuwa nimeichukua asubuhi ile ile. Ni ile wanayoiita progresivu, na kwa msomaji ambaye macho yake bado mapya nitaeleza kidogo. Kioo ni kimoja, hakina mstari wowote, ukikitazama utadhani ni miwani ya kawaida. Kumbe juu kimewekewa nguvu ya kuona mbali, chini nguvu ya kuona karibu, na katikati kuna njia nyembamba ambamo nguvu inabadilika polepole. Katika njia hiyo ndimo unamoona vitu vilivyo umbali wa mkono: kompyuta, sufuria jikoni, uso wa mtu mnayekula naye meza moja. Pembeni mwa njia, kushoto na kulia, kuna ukungu. Mwanzoni nilidhani ni kasoro ya kiwanda, nikawa tayari kwenda kugomba. Hapana. Ukitaka nguvu ya kioo ibadilike bila mstari, upotofu lazima utokee mahali fulani, na watengenezaji wanausukumia pembeni ambako wanatumaini hutaangalia sana. Ni Mfaransa, mhandisi Bernard Maitenaz, aliyeleta jambo hili sokoni mwaka 1959 kwa jina la Varilux. Kabla ya hapo waliokuwa na shida mbili kwa mpigo walivaa ile yenye mstari katikati, ambayo Benjamin Franklin aliisifia katika barua ya mwaka 1784, akiwa na miaka 78. Mimi siku ile Manzese ningeutamani huo mstari. Angalau unajua mpaka uko wapi.

Sasa, kwa nini mwalimu mstaafu akatoa shilingi laki tatu na nusu, bei ya mbuzi wawili wanono, kwa ajili ya kitu kinachomwangusha darajani?

Macho yangu yalikuwa mazuri mpaka miaka 45 hivi. Halafu mkono ukaanza kuwa mfupi. Wote mnajua kisa hiki: ndani ya jicho kuna lenzi laini inayobadilika umbo ili tuone karibu, na tangu miaka ya 40 inazidi kuwa ngumu, haitaki tena kujikunja. Hakuna aliyekuroga, wala si kwa sababu ulisoma kwa koroboi ulipokuwa mtoto. Basi nikafanya wanavyofanya wengi. Nikanunua miwani ya kusomea kwa machinga Kariakoo, shilingi elfu tatu, namba moja na nusu. Ilipochoka nikanunua namba mbili. Nikaifunga kamba shingoni. Nilikuwa nayo nyingine jikoni, nyingine kwenye mkoba, na moja nimeikalia.

Miwani hiyo siitukani. Imesahihisha maelfu ya madaftari. Tatizo lake ni kwamba ina nguvu sawa kwa macho yote mawili, wakati macho ya binadamu si mapacha. Langu la kulia, nimekuja kuambiwa, lina upotofu wake, linavuta herufi kwa upande mmoja, na miwani ya barabarani haina habari na hilo. Namba mbili nayo ilikuwa imeshanipita zamani. Lakini mtu haoni kwamba haoni. Anachoona ni kwamba anachoka.

Na mimi nilichoka na vitabu.

Hili naliandika kwa aibu, kwa sababu nimefundisha fasihi ya Kiswahili sekondari miaka 29, na hapa mmenisoma nikichambua vitabu vya watu. Kwa miaka mitatu minne hivi nilikuwa nafungua riwaya, nasoma kurasa kumi, naiweka chini. Nikawa na maelezo mazuri tu. Waandishi wa siku hizi hawana subira. Wachapishaji hawahariri. Sentensi hazishikamani, ukifika mwisho wa aya umesahau mwanzo wake. Nilisema maneno hayo kwenye mikutano, nikapigiwa makofi na watu wa umri wangu, na sasa nikikumbuka najiuliza ni wangapi katika wale waliopiga makofi walikuwa na miwani ya elfu tatu mifukoni.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu kwa hiari, mwanafunzi wangu wa zamani aliniletea mswada. Kijana mpole, aliyekuwa anakaa dirishani, insha zake nilikuwa nazisoma mbele ya darasa. Kurasa 140, zimetolewa steshenari pande zote mbili za karatasi, herufi ndogo na mistari imebanana, maana kila ukurasa ni hela. Hadithi ya Pangani, ya nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo ya kichochoro. Akasema, "Mwalimu, naomba unisomee kabla sijaupeleka kokote. Wewe ukisema ndiyo, nitajua ni ndiyo."

Niliusoma usiku, kwa wiki mbili, taa ya sebuleni juu ya kichwa changu na kivuli cha kichwa changu juu ya karatasi. Nikamwandikia kurasa mbili. Nilisifu lugha. Halafu nikasema kwamba hadithi inazunguka pale pale, kwamba matukio hayana sababu, na kwamba, hili nililiandika kwa kupigia mstari, hakuwa makini hata na jina la mhusika wake mkuu, mara limeandikwa hivi mara vile, jambo ambalo mwandishi anayejiheshimu halifanyi. Nikampigia simu pia kumsomea maoni, maana niliona karatasi peke yake haitoshi. Akasema asante sana Mwalimu. Mswada wenye kalamu yangu nyekundu ulibaki kwangu, hakuja kuuchukua. Nikasikia baadaye yuko Tegeta, anauza vifaa vya simu.

Kilichonipeleka kwa mpima macho si vitabu. Ni basi la mwendokasi. Nilipanda la Morocco nikidhani ni la Kimara, kwa sababu maandishi ya mbele nayo yalikuwa yameanza kuyumba. Mbali nako kumeondoka. Binti yangu akasema, "Mama, kesho tunakwenda, usinibishie."

Kupimwa kwenyewe nilikufurahia. Unawekewa chuma usoni, vioo vinaingizwa na kutolewa, hii au hii, ya kwanza au ya pili, mpaka unaanza kuogopa kwamba unamdanganya mtu wa watu. Alipomaliza akaweka kioo mbele ya jicho la kulia na kukiondoa, akakiweka na kukiondoa. "Unaona herufi hizi, Mama? Bila kioo, unasoma nini?" Nikasoma. Akaweka kioo. Nilikuwa nimekosea tatu kati ya tano, na nilizisoma kwa sauti ya mwalimu, bila hata kusita.

Nikachagua fremu. Hapa naomba niseme neno dogo la manung'uniko: fremu nyingi zinazoletwa kwetu zilichongwa kwa pua za watu wengine. Zinataka mfupa mwembamba uliosimama, mimi nina pua ya kwetu, pana na ya kujilaza. Kwa miwani ya kawaida hiyo si shida kubwa. Kwa progresivu ni shida, kwa sababu kila sehemu ya kioo ina kazi yake, na miwani ikiteleza milimita chache kwa jasho la Dar es Salaam, njia ya katikati na sehemu ya kusomea zote zinashuka nayo, na wewe unabaki unatazama mahali pasipokuhusu. Fundi alinikalisha tukatazamana usawa wa macho, akaweka nukta kwa kalamu ya wino kwenye vioo, mahali ilipo mboni yangu, akapima kutoka mboni hadi mboni. Alifanya hivyo mara mbili. Lakini fremu ilikuwa imeshateleza kabla hata sijafika mlangoni, na hilo hakuliona, wala mimi sikujua kwamba ni la kusema.

Ndiyo nikaenda Manzese.

Siku tano za kwanza zilikuwa mbaya. Sakafu ilikuwa inapanda na kushuka kama nipo kwenye boti ya Zanzibar. Milango iliegama. Nikigeuza macho haraka kumtazama mjukuu, uso wake ulikuwa unanyooka halafu unarudi. Kichwa kiliniuma juu ya nyusi. Nilivaa, nikavua, nikarudia ile ya kamba, nikavaa tena. Siku ya sita nikarudi dukani nimebeba kisanduku, nimejiandaa kudai hela yangu.

Fundi alikuwa mwingine, mama wa makamo kama mimi, naye kavaa miwani. Hakubishana. Akaniambia nisimame, nitazame mlango. Akacheka kidogo. "Dada, miwani yako iko mashavuni." Akaikunja mikono ya fremu nyuma ya masikio, akabana vile vidude vya puani vikaribiane, akanivalisha. Ikapanda, ikakaa. Halafu akanifundisha, na kwa nini sikufundishwa siku ya kwanza sijui.

"Wewe bado unatazama kwa macho," akasema. "Acha. Tazama kwa pua. Kitu unachotaka kukisoma, kielekezee pua, halafu macho yashushe. Usisome ukurasa kwa kukimbiza macho kushoto kulia, geuza kichwa kidogo. Ukishuka ngazi, inamisha kidevu mpaka kifuani, ili mguu uuone kwa kioo cha juu, si kwa kile cha kusomea. Asubuhi ukiamka vaa hii, na ile ya kamba mpe mtu. Ukizichanganya, ubongo haujui umfuate nani. Baada ya wiki mbili, kama bado, rudi."

Nikamuuliza yeye ilimchukua muda gani. "Mwezi," akasema. "Lakini mimi mbishi."

Aliniambia pia nisome kila siku, saa moja, mezani, nimekaa wima. Nikaanza na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kwa sababu nimeifundisha miaka nenda miaka rudi na nikipotea mstari najua Yasmin anakwenda wapi. Nikajifunza kuinua kidevu kidogo na kuishikilia kurasa chini, karibu na kifua, kama mtu anayekula wali kwa heshima. Shingo iliuma upande mmoja. Kitandani haiwezekani kabisa, maana ukilala juu ya mto unatazamia kioo cha mbali na herufi zote zinayeyuka. Kwa ajili ya kitandani nimeibakiza moja ya elfu tatu, fundi asiambiwe. Siku ya kumi na moja, au ya kumi na mbili, nilinyanyua macho kutoka kwenye kitabu kumtazama kuku uani, nikarudi kwenye kitabu, na nilikuwa nimeshasoma nusu ukurasa ndipo nikagundua kwamba sikuelekeza chochote kwa kukusudia. Pua ilikwenda yenyewe.

Basi nikawa na hamu. Nikasoma kila kitu: karatasi za dawa, maandishi ya nyuma ya tyubu ya dawa ya meno, mkataba wa umeme. Nikatafuta kitu chenye herufi ndogo kuliko zote nijipime, nikakumbuka sanduku la chini ya kitanda, na ndani yake ule mswada.

Nilikaa nao mezani saa nne asubuhi, mwanga wa dirishani. Ukurasa wa kwanza nikatabasamu, lugha ile ile ya insha zake. Ukurasa wa nane nikakutana na kalamu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimezungushia jina duara na kuandika pembeni: "Amua jina moja!"

Katika nyumba ya kushoto ya kichochoro anaishi Mwanaisha. Katika nyumba ya kulia anaishi Mwanaasha.

Nikavua miwani, nikaifuta kwa khanga, nikavaa. Mwanaisha. Mwanaasha. Herufi moja, na kwa saizi ile ya maandishi, ni kinukta na kifimbo dhidi ya kitumbo. Hadithi nzima imesimama hapo. Inakuja barua kutoka Muscat, tarishi naye ni mzee na macho yake si mazuri (ndiyo, naye pia, nilikaa kimya muda mrefu kwenye sentensi hiyo), anaipeleka nyumba isiyo yake, na mwanamke aliyeipokea anajua si yake na anaijibu. Matukio niliyosema hayana sababu, sababu yake ni hiyo. Hadithi niliyosema inazunguka pale pale ilikuwa ni wanawake wawili, kila mmoja anakwenda njia yake, na mimi nimewafanya mmoja anayezunguka. Nilihesabu. Sehemu 23 nilikuwa nimemsahihisha, nimefuta "a" nikaandika "i" kwa mkono wangu mzuri wa ubaoni.

Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wachuma chai wa Assam, kule India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliwazidi wenzao kwa uchumaji kwa zaidi ya asilimia 20. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kwa ajili yao. Mchuma chai asipoona, jani zuri linabaki mtini, na kikapu kinasema kweli jioni. Kikapu cha mwalimu kinasema nini? Mimi jioni zile nilijaza kikapu pomoni.

Nilikaa siku mbili kabla ya kumpigia. Nilitaka kwanza nimalize kusoma, nisije nikaomba radhi kwa kitabu kibaya, ndivyo nilivyojiambia. Si kibaya. Sura ya tisa ina mahubiri, mwisho umekimbizwa, na kuna mjomba ambaye angeweza kufa mapema zaidi. Lakini si kibaya hata kidogo.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Upo dukani?" Nyuma yake nilisikia muziki na mtu anaulizia chaja.

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nilianza na mpima macho, nikazunguka na mwendokasi, mpaka nikafika kwenye Mwanaasha. Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Nilimtoa, Mwalimu," akasema.

"Ulimtoa nani?"

"Mwanaasha. Ulivyosema niamue jina moja, niliona labda msomaji hawezi kuwafuata wawili. Nikawaunganisha. Nikaupeleka kwa wachapishaji hivyo hivyo, wakasema hawaelewi barua ilipoteaje." Akacheka, kicheko kile cha kumwondolea mkubwa aibu. "Walikuwa sahihi."

Nikamwambia sasa airudishe ya zamani. Akasema haipo. Alikuwa anarekebisha kwenye faili lile lile, anasevu juu yake, hela ya kutoa kopi nyingine haikuwepo. Kopi pekee ambayo Mwanaasha bado yuko hai ndiyo ile iliyokuwa mbele yangu, na kalamu nyekundu juu yake.

Nikamuuliza kwa nini hakunibishia. Siku ile, kwenye simu, kwa nini hakusema, Mwalimu, hao ni watu wawili.

"Sasa Mwalimu," akasema, "ningekwambiaje kwamba hujaona?"

Hilo sina jibu lake mpaka leo. Nimewafundisha wanafunzi wengi sana kutomwambia mtu mzima kwamba hajaona.

Naupiga chapa upya kwenye kompyuta ya binti yangu. Kompyuta iko umbali wa ile njia ya katikati, iliyo nyembamba kuliko zote, kwa hiyo nainua kidevu kidogo kwa ajili ya kioo cha mashine, nakishusha na kuelekeza pua kwenye karatasi iliyo kushoto, nainua tena. Binti yangu anasema nafanana na kuku anayekunywa maji. Pale penye wekundu wangu inabidi niinamie nione "a" yake chini ya "i" yangu. Kwingine nimeikandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka, na hapo naangalia kama ni nyumba ya kushoto au ya kulia. Nimefika ukurasa wa 61. Anakuja Jumamosi baada ya kufunga duka, anachukua kurasa nilizomaliza, anakunywa chai. Juu ya sura ya tisa hatujakubaliana. Mimi nasema mahubiri yale yatoke. Yeye safari hii amekataa.